Litakalotangulia

Kijana wa mauzo alitukaribisha ndani ya nyumba
isiyokuwa na ndani.
"Hapa jiko," akasema, akinyoosha kalamu kwenye upepo.
"Hapa chumba cha mtoto."
Hatukumwambia kitu.
Mbuzi akatoka chumba cha mtoto
akitafuna mfuko wa saruji.

Shebwana alicheka. Mimi nilikuwa nasoma.
Ukurasa wa saba, herufi kama mayai ya chawa:
kampuni itamlipia mnunuzi riba ya mkopo
hadi siku ya kukabidhiwa funguo,
au hadi mwezi wa kumi na nane,
lolote litakalotangulia.

Mimi ni mkunga. Miaka ishirini na mmoja
wodi ya kina mama, hapa hapa Malindi.
Neno hilo nalijua kwa vidole.
Kichwa au unyayo:
hapo ndipo usiku hurefuka.
Nikauliza, "Na nyumba ikichelewa?"
"Haichelewi, mama. Nguzo si hizo?"

Bi Rukiya, mama mkwe, alikuwa na lake.
Akafuta midomo kwa ncha ya leso:
"Riba ni riba. Nikilipiwa na mwingine,
dhambi inaandikwa jina la nani?"
Kijana, aliyekuwa na jibu la bomba,
la umeme, la maegesho,
alitazama viatu vyake.

Nilipiga hesabu nyuma ya kadi ya kliniki.
Kahindi, aliyeuza mikorosho yake akalipa taslimu,
nyumba ile ile, ukuta kwa ukuta,
aliipata kwa pungufu ya laki nne na nusu.
Elfu ishirini na tano mara kumi na nane.
Riba yenyewe hiyo,
imevuliwa kilemba, ikavishwa kanzu ya bei.
Zawadi tunajinunulia,
na utepe wake tunaulipia.

Tulitia sahihi. Usiniulize sana.
Kodi ya Maweni ilikuwa imepanda mara mbili kwa mwaka,
na Shebwana alishaona pa kuweka kitanda.

Hadi mwezi wa tisa kuta zilipanda.
Wa kumi, mchanga wa Sabaki haukufika.
Wa kumi na mbili, fundi Karisa alikwenda Kilifi
kwa wiki moja.
Wa kumi na tano nilimkuta mlinzi
ameanika nguo zake sebuleni kwangu,
nikapiga hodi.
Mimi ninayepapasa tumbo nikataja wiki,
niliweka kiganja ukutani
nisisikie mpigo.

Mwezi wa kumi na tisa benki haikupiga simu.
Ilichukua tu.
Ujumbe ulinikuta zamu ya usiku,
mkono mmoja umo kwenye glavu:
elfu ishirini na tano, riba peke yake.
Kodi ya Maweni, kesho yake.
Kitandani msichana wa Ganda alikuwa akisukuma,
na kilichotangulia ni unyayo,
mdogo, wa zambarau, wenye hasira.

Sikuvuta. Unyayo hauvutwi.
Nilisubiri nyonga, nikasubiri bega,
bega la pili,
na kichwa mwisho kabisa, kikilalamika.

Alfajiri nilipitia njia ya nyumba.
Paa bado.
Chumbani mwa mtoto mbuzi amelala,
kidevu juu ya tofali.
Nikamwambia, haya,
wewe ndiye uliyetangulia.