Ree ya Vikombe

Trieste kuna upepo uitwao Bora
usio na ubora wowote:
hupindua pikipiki, hunyofoa vigae,
na usiku ule uligonga dirisha la Nevia
kama mdai anayejua mdaiwa yumo ndani.

Ndani: meza ya jikoni, kompyuta, chungwa lililomenywa nusu,
na mchezo alioushona miaka mitatu na ushei.
Karata arobaini. Vikombe na dinari, panga na marungu,
turufu moja imelala chini ya fungu.
Lakini huweki pesa. Unaweka kisa.
Ukila, sentensi inayofuata ni yako;
ukiliwa, mwenzio anaisema
nawe utaishi humo.

Kila mchezo ukianza, skrini hutoa ubeti:

Changa karata tugawe, bahati ni tamu chungu,
Kinywa chako ndicho kiwe, dau letu kwenye fungu,
Ukishindwa usemewe, kwa upanga au rungu,
Ukishinda uchaguwe, mwisho wako au wangu.

Mpinzani amevaa kofia ya babu yake, Ucio,
aliyekuwa na mashine ya kukaangia kahawa,
ya shaba, tumbo kama la mjamzito.
Akaicheza, ikaliwa,
Februari ya mwaka sitini na tatu,
kwenye kilabu cha mvinyo nyuma ya stesheni.

Hilo halibishaniwi. Mengine yote yanabishaniwa.
Bibi Nerina alisema saba ya panga ndiyo iliyommaliza.
Mjomba Livio: zile karata zilitiwa alama, kwa ukucha.
Jirani wa chini, ambaye hakuwepo,
alijua hata rangi ya soksi za mshindi.
Nevia akayaingiza yote,
njia mia mbili na kumi na sita,
kila karata ikifungua mlango wa uongo mwingine
na kila uongo ukiwa na kiti cha kukalia.

Jumapili akamwita mama yake aje kujaribu.
Ondina, miaka sabini na moja, miwani ya kamba.
"Kitufe hiki cha nini?"
"Cha kutupa."
"Na hiki?"
"Cha kusubiri."
"Kusubiri sihitaji kufundishwa."

Akashinda. Ucio akarudi na mashine juu ya mkokoteni,
mtaa mzima ukanuka kahawa.
Akashinda tena. Ucio akafungua tawi Udine.
Mara ya tatu akanunua gari la milango minne,
na mama akapiga mwayo.
"Huyu simjui," akasema. "Huyu ni tajiri."

Mara ya nne, karata zikiwa chache,
Ucio akatoa mbili ya dinari, turufu ya kuchokoza tu.
Mama alikuwa na tatu yake mkononi. Angekula.
Akatupa ree ya vikombe.
Pointi kumi na moja, bure,
kama anayempa mtoto nauli.

"Mama, umekosea kitufe."
"Sijakosea."

Sitini na moja kwa hamsini na tisa. Mashine imekwenda.
Na katika njia mia mbili na kumi na sita
hapakuwa na hata moja ya mtu aliyetaka kushindwa.
Skrini ikabaki tupu, Ucio kaacha mdomo wazi,
kijistari kikipepesa, kikingoja sentensi.

Mama akavua miwani.
"Alirudi saa kumi na moja alfajiri. Akaniamsha.
Mikono yake ilinuka sabuni, si moshi.
Akasema, Ondi, kuanzia leo nitakupeleka shule.
Akanipeleka. Kila siku, hadi nikaona haya.
Na mfukoni mwa koti lake palikuwa na karata moja.
Sikumuuliza. Niliitia kwenye daftari la hesabu."

"Karata gani?"

Mama akachukua chungwa, akamalizia kulimenya.

Mchezo ulipotoka, wapo walioandika kulalamika:
ukitupa ree ya vikombe mahali pale,
skrini inaganda.

Haijaganda, Nevia akawajibu.
Semeni.