Foleni ya Kandambili

Mpango wangu wa kwanza uliharibiwa na mwezi.
Haukuandama. Tukafunga ya thelathini,
na gauni la Mwantumu likalala usiku wa pili
msumarini, limeshapigwa pasi.

Wa pili uliharibiwa na watu.
Nilisema: tukitoka kuswali, moja kwa moja Tangamano,
tuwe wa kwanza kwenye lile gurudumu
lililoshushwa vipande vipande kutoka malori mawili,
ambalo tangu Jumatatu watoto wa mtaani kwetu
hawana hadithi nyingine.
Kumbe Ngamiani nzima ilisema vivyo hivyo.

Foleni ilianzia kwenye kibanda cha tiketi,
ikampita muuza bisi, ikauzunguka mwarobaini,
ikatoka getini, ikaishia barabarani
katikati ya baiskeli.
Mwantumu alihesabu vichwa hadi themanini
akachoka, akaanza tena na moja.

Mbele yetu bwana mmoja wa Makorora,
kanzu imenyooka, mwanawe kamshika kidole.
"Mimi sitoki hapa," akasema,
ingawa hakuna aliyemuuliza.
"Anayetoka, mkia unamngoja."
Nikaitikia. Nikasimama.
Jua nalo likasimama, utosini.

Ndipo akapita Bi Mwanakombo na ndoo yake ya ukwaju,
akatutazama, akacheka mpaka akaitua.
"Kwani bombani husimama nyinyi, au ndoo?"

Viatu vyangu vya Idi vinabana; nilikuja na kandambili.
Nikavua ya kushoto, ya buluu, iliyofungwa waya,
nikaiweka palipokuwa mguu wangu.
"Dada," nikamwambia wa nyuma, "huyo ndiye mimi.
Wakisogea, msogeze."
Akaguna. Kisha akavua yake.

Nikaenda nachechemea, mguu mmoja mpira, mmoja mchanga.
Kulikuwa na farasi wa mbao asiye na sikio,
hakuna mtoto anayemgombea. Mwantumu akampanda mara tatu.
Tukala mihogo, pilipili ikatutoa machozi.
Tukarusha pete tukiitaka sabuni, tukapata kiberiti.
Mwenye machungwa ya Muheza akamenya moja
ganda likashuka refu, halikatiki,
Mwantumu akasema, "Foleni hiyo."
Na kila tukirudi kuchungulia
kandambili imepiga hatua,
haina njaa, haina haja ndogo, haimnunii mtu.

Saa tisa jenereta likakohoa, likazima.
Singano fundi akaingia uvunguni na bisibisi,
ikabaki miguu yake tu nje.
Wengine wakatukana, wakaondoka.
Ikaadhiniwa alasiri, wengine tena wakaondoka.
Jenereta lilipowaka, mimi wa buluu nilikuwa wa tatu.
Sijidai nina akili.
Nilikuwa na njaa tu, na mtoto wa miguu mifupi.

Yule bwana alikuwa wa kwanza, pale pale,
kanzu imekunjamana,
mtoto begani, amelala, mdomo wazi.
"Mzee, mwanao huyo kalala," Singano akasema.
"Pisha wengine, aamke kwanza."
Akaitazama tiketi, akatutazama sisi.
Mimi nilinyamaza, na aibu yangu naijua:
nilitaka apishe.

Akapanda naye hivyo hivyo.

Tulikaa kiti cha nyuma yake. Tulipofika juu
niliyaona mabati ya Ngamiani yote, na reli,
na chini yetu kandambili zimejipanga,
kila moja bila mwenzake.
Mwantumu alipiga kelele hadi sauti ikamkauka.
Yule bwana alikuwa ananong'ona:
"Ile shule yako. Ule msikiti wetu. Pale kwa bibi,
unaona nguo zake kwenye kamba?"
Mtoto hakufumbua jicho.
Aliendelea kumwonyesha, mizunguko yote minne.

Tuliposhuka, kandambili yangu haikuwapo.
Nikaitafuta kibandani, nikaitafuta chini ya ngazi.
Mtu mwema alikuwa ameiokota
akaipanga upya, kwa adabu, mkiani.
Mwantumu akaiona kabla yangu.
"Mama," akasema, sauti haipo,
"twende tukale tena, zamu yetu bado."