Mkono Usiosogea

Kutaisi, chumba cha pili, saa nne asubuhi.
Nje theluji inayeyuka juu ya bati,
tone, tone, kimya, tone,
bila mpango, kama kifua cha huyu tuliyemlaza.

Bondo Chubinidze, miaka sabini na mmoja,
fundi wa vibanda vya angani kule Chiatura,
vilivyopandisha wachimba madini mlimani
kwa kamba za chuma.
Siku hizi analalia mito mitatu.
Ngazi nane za nyumba yake anazipanda kwa vituo viwili.
Moyo haujafa; umekosa mapatano:
upande wa kulia unapiga, wa kushoto unachelewa,
kama ndugu wawili wanaohamisha kabati,
mmoja keshapinda kona.

Waya wa kwanza umekaa. Wa pili umekaa.
Wa tatu ndio wenye maneno.
Huo hupitia mlango wa nyuma,
ndani ya mshipa mwembamba unaouzunguka moyo kwa nje.
Hauna ndoano, hauna skrubu.
Una ncha iliyojipinda tu, basi,
na imani yake yote iko kwenye kona.

Mara ya kwanza ulitulia vizuri,
lakini tulipojaribu umeme kiwambo kikaruka.
"Mnanitia kwikwi," Bondo akasema.
Tukacheka. Tukautoa.
Mara ya pili ulikaa, ukakaa,
tukaanza kunyoosha migongo,
halafu nikauona kwenye skrini unarudi
taratibu, kama mgeni aliyesahau mwavuli.

Saa saba kasoro. Aproni ya risasi imenila mabega.
Daktari Eteri anahesabu chini kwa chini
kwa Kisvani, lugha ya bibi yake. Ni dalili mbaya.
Mara ya tatu: mbali zaidi, pembeni,
juu ya ukuta uliolegea.
Umeme kidogo, moyo unaitika. Kiwambo kimya.

Watu hudhani kazi ni kufika.
Mrija uliouleta waya sharti utoke,
na waya ubaki.
Ng'ombe tumemla; huu hapa mkia.

Eteri anaweka kisu mdomoni mwa mrija.
"Tsira," ananiita, "shika."
Nashika. Gumba na vidole viwili
juu ya kitu chembamba kama tambi.
Kisu hakisogei; mrija ndio unaovutwa kukifuata,
unapasuka kama ganda la njegere,
nami sivuti, sisukumi.
Ukivuta, unang'oka.
Ukisukuma, unajikunja humo ndani,
na kesho asubuhi umeanguka.
Mama aliwahi kuniuliza nafanya nini hasa hospitali.
Nilimwambia: nasimama.
Hakuridhika, nami sikuwa na la kuongeza.

Mrija umetoka. Waya uko.
Eteri anafunga uzi, anaubana kwenye msuli,
na chini ya shuka la kijani sauti inasema:
"Sisi kamba haikutukatikia katikati.
Ilikatikia mwisho, kwenye kibano,
tulipokwisha nawa mikono."
"Usiongee, Bondo."
Kimya. Kisha, bila kuinua macho:
"Kibano kililegea?"
"Kilikazwa mno."

Eteri akaliangalia fundo lake.
Akalikata. Akafunga jingine.

"Sasa kohoa."
Akakohoa kikohozi cha vumbi la miaka thelathini.
Waya ukayumba kama kamba ya kuanikia nguo,
ukatulia palepale.
Kwenye karatasi, mlima mpana wa kila pigo
ukawa mwembamba. Kabati limepinda kona.

"Wiki sita usiinue mkono wa kushoto."
"Na nikitaka kumpungia mtu?"
"Punga kwa wa kulia."

Usiku nikapika uji wa mahindi.
Sufuria ilipoiva nikataka kuweka mwiko chini:
vidole vitatu havikukubali kufunguka.
Nikavisubiri.