Safu ya Sababu

Walifika saa kumi na mbili na nusu, juu ya chukudu,
mbuzi watatu, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba
kana kwamba maiti hutoroka.
Mama Kavugho alinisalimu kwa mkono mmoja;
wa pili ulikuwa ukifukuza nzi
kwenye jicho la yule mwenye mimba.

Umeme ulikuwa umekwenda tangu Jumanne.
Nilichemsha visu kwa makaa,
nikavaa glavu zilizokwisha kufuliwa mara mbili.
Chuoni mwalimu alitufundisha kifo cha mnyama kwa vidole vitatu:
kirusi, akakunja cha kwanza,
sumu, akakunja cha pili,
kimelea, akakunja cha tatu,
kisha akatuonyesha ngumi, kana kwamba amekikamata.

Nikapasua.
Midomo safi, haina vidonda,
jani bichi bado limebanwa na jino.
Mapafu hayana alama ya sotoka.
Tumboni maganda ya ndizi, matembele,
hakuna mmea ninaoujua kwa ubaya wake.
Nikapaka damu kwenye kioo, nikaitia rangi,
nikasogeza hadubini dirishani, maana jua ndilo jenereta letu:
chembe zimelala kama sahani zilizooshwa,
hakuna mkia unaoogelea kati yake,
hakuna mgeni ndani ya nyumba.
Kipimo cha sotoka kikachora mstari mmoja.
Nikangoja robo saa.
Mstari mmoja.

Damu tu ilikuwa nyeusi mno,
nyeusi kama chai iliyosahauliwa jikoni.

Daftari letu lina safu ya SABABU, upana wa kidole gumba.
Niliandika hakuna,
hakuna,
hakuna,
mwandiko ukizidi kuwa mdogo.

"Uliwafunga wapi?"
"Bulengo, kwenye shimo, chini ya mawe ya volkano.
Majani ya kule ni mazuri, hakuna anayeyagusa."
"Kwa nini hakuna anayeyagusa?"
Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto wa jirani.
"Docta. Si ni mazuku."

Mazuku! Na mimi nimekesha na visu!
"Mbona hukuniambia?"
"Hukuniuliza. Ulikuwa unawauliza mbuzi."
Kisha, kwa sauti ya chini:
"Mwanangu ndiye aliyewafunga, mimi nilikuwa kliniki.
Nataka karatasi yenye muhuri, iseme hawana ugonjwa.
Soko la Kituku halinunui maneno."

Hatukugombana. Tulikwenda.
Shimoni palikuwa na panzi wengi, wamelala ubavu,
na shomoro mmoja, mabawa wazi, hana jeraha.
Niliwasha kiberiti, nikakishusha polepole:
kifuani kinawaka,
kiunoni kinawaka,
gotini kikazimika, bila upepo,
kama mtu aliyekatizwa neno.
Nilitaka kupiga magoti nichukue udongo.
Ndivyo tulivyofunzwa, kuinama, kuangalia kwa karibu.
Mama Kavugho alinishika ukosi wa koti
na hakuuachia mpaka tulipofika barabarani.

Mbuzi huinamisha kichwa ili ale.
Hilo ndilo kosa lao lote.

Kwenye safu nilifuta hakuna tatu, nikaandika HEWA YA ARDHI.
Muhuri sikuugonga. Nyamafu ni nyamafu,
nilisema, na sheria ni sheria,
nikiongea na ukuta zaidi kuliko na yeye.
Byamungu wa chukudu akauliza nani atamlipa,
maana amevipandisha vifo mlimani
na sasa atavishusha.
Nilimpa franka zangu za mafuta ya taa.
Walikwenda wapi na mzigo ule, sikufuata.

Lakini alikuwapo wa nne.
Mtoto wa mbuzi, kamba yake ilinaswa kwenye jiwe refu,
alikaa juu yake usiku kucha, akilia, hakula.
Nilimchukua damu naye, matone mawili.
Nyekundu.
Niliishikilia dirishani mpaka jua lilipohama,
bila sababu.