Pua ya Korona

Namakwekwe, saa tatu. Matope hadi kwenye jeki.
Korona ya marehemu mjomba inakunywa petroli
kama waombolezaji wanavyokunywa chai,
inatema moshi mweusi ukutani.
Mafundi watatu wamekwisha kuniuzia plagi.

Khaukha haniuzii kitu. Ananusa ekzosi,
anachomeka sindano ya mita kwenye waya,
anasubiri.
Namba ingepaswa kucheza: juu, chini, juu.
Imelala. Sifuri nukta sifuri tano.
"Pua imekufa," anasema.
"Inaiambia injini: una njaa, kula.
Na injini inaamini."

Usiku kucha nati imelowa dizeli.
Asubuhi anaipasha bomba moto, anavuta spana
mpaka mshipa wa shingo unamsimama,
kisha mlio mdogo,
kama kidole kinapoteguka.

Sensa mpya imetoka Kampala na basi la alfajiri,
imefungwa ndani ya soksi ya mtoto.
Anaikaza. Namba zinacheza.

Ile ya zamani naitia mfukoni, ingali na joto.
Mjomba, wiki zake za mwisho,
kila sahani tuliyompelekea
alisema ameshiba.
Tukaamini.