Kiranja

Darasa la nne, Tandahimba, Nampoto
aliandika majina ya wapiga kelele
hata mwalimu asipokuwepo, hata la mdogo wake.
Chaki ilikuwa yake. Bakora nilikata mimi,
kwenye mkwaju, nyuma ya choo.

Kwao, babake hakupiga hodi.
Alikohoa tu, watoto wanane wakasimama.

Leo yuko ghalani, na mizani.
Gari la wilaya likifunga breki
yeye huyo, mbio, kupokea begi la afisa,
mgongo umepinda kama mundu.
Gari likiondoka mgongo unanyooka,
na Bibi Asumini anaambiwa korosho zake zina unyevu,
akaanike upya, na asiulize.

Hakuuliza.
Nasi tuliokuwa kwenye foleni tulitazama magunia yetu.

Mwezi wa tano tulimchagua wenyewe,
mikono ikapanda kabla jina halijamalizwa kutajwa.
"Huyu atatunyoosha," tulisema, tukacheka,
kana kwamba tumezaliwa tumepinda.

Usiku naukumbuka ule ukimya wa darasani,
mtamu, nakiri,
kila mtu kwenye dawati lake.
Kisu changu cha bakora bado ninacho.
Juzi nimekinoa.
Sijui kwa nini.