Nywele Zisizokunywa

Kazi yangu ni hina, na ngozi naijua:
ukiilaza na jani usiku mmoja,
asubuhi inaamka na jibu.
Lakini wigi hili la Mwalimu Mkamburi,
jeupe, la plastiki, lililonunuliwa Kongowea
kapu moja na vitunguu,
nililitia hina, likanicheka.
Nikalitia piko, likanicheka.
Nikalichovya katika rangi ya vitambaa, maji yakitokota,
likajikunja ncha kama mfuko uliosogezewa jiko.
Zinaitwa nywele, nikasema, na hazinywi.

Mchezo ni Ijumaa, ukumbi wa shule, Ziwa la Ng'ombe.
Mbeyu wa darasa la sita ndiye Bahari,
na Bahari, kwa amri ya mwalimu, iwe na nywele za zambarau.
Kwa nini zambarau?
"Buluu kila shule inayo."

Usiku nikakumbuka sanduku.
Marehemu Mbwarali alikuwa karani wa mizigo, Shimanzi,
miaka ishirini na sita. Alipostaafu
hawakumpa saa wala cheti,
akajipa mwenyewe vichupa tisa vya wino wa muhuri.
Imepokelewa. Imelipiwa. Irudishwe.
Kila shati lake lilikuwa na doa mfukoni, kushoto.
Nilifua kwa ndimu, nilifua kwa jiki, nilifua kwa matusi.
Doa halikuhama.
Na leo natafuta nini, kama si doa lisilohama?

Vijiko viwili vya wino, spiriti ya duka la dawa,
chupa ya kupulizia iliyokuwa ya kuoshea vioo.
Jiko nimelizima: spiriti na moto havilali chumba kimoja.
Wigi nimelivika sufuria iliyofudikizwa,
napulizia, nachana kuanzia nchani nikipanda,
napulizia tena.
Hazinywi, la,
lakini wino huu hauombi kunywewa.
Unakaa juu juu, kama mgeni aliyenyimwa kiti
akaketi mkekani, na hatoki.

Nikalianika juu ya paa, kati ya foronya na leso.
Mtoto wa Mama Zubeda akashuka ngazi bila kuzikanyaga:
"Kuna kichwa! Kuna kichwa cha mtu!"
Maji ya kusuuzia ni ya mkokoteni, mitungi miwili tu.
Ya kwanza yakatoka zambarau, ya pili zambarau,
ya tatu yakatoka na haya kidogo.
Ya nne sikuwa nayo.

Dukani, Badi akavitazama vidole vyangu:
"Uchaguzi umefanyika lini, nasi hatukuitwa?"
"Nimepiga kura peke yangu," nikamjibu, "na nimeshinda."

Ijumaa. Ukumbi una feni tatu, moja inazunguka.
Mbeyu akainua mikono, akasema meli zote zina deni lake,
na hapo jasho likaanza kazi:
mstari mwembamba nyuma ya sikio,
ukateremka shingoni,
ukaingia kwenye kola.
Watu wakapiga makofi, wakidhani ndivyo ilivyoandikwa.
Mwalimu Mkamburi hakupiga. Wala mimi.
Nilikuwa nasema moyoni: maji ya nne, maji ya nne.

Jumamosi mama yake akaja na shati, kalishika kwa vidole viwili.
Hakugomba sana.
Nikachukua ndimu. Nikachukua jiki.
Matusi, nilipoyatafuta, sikuyaona.

Nimemnunulia mtoto shati jipya, Kongowea tena.
Hili la doa nimelikunja, kola juu,
nikalilaza sandukuni, penye vichupa vinane.
Wigi liko msumarini nyuma ya mlango,
hunishtua kila alfajiri nikienda kutawadha.

Jana mwalimu kapita. Mwakani, asema, Mbeyu atakuwa Moto.
Auliza kama marehemu aliacha wino mwekundu.
Aliacha.
Ule wa Irudishwe.